Moja, Tano, Tatu

Saruni kaliingiza gereji saa kumi na moja jioni,
Unga Limited, baridi ya Julai, Meru umejivuta shuka mpaka kidevuni.
Landikruza la petroli, la zamani, boneti pana kama meza ya harusi,
linakohoa, linapiga chafya kwenye kabureta,
linatikisa kioo cha pembeni mpaka barabara inakuwa mbili.
"Lilioshwa tu," anasema. "Kijana alichomoa waya za plagi,
akaosha injini, akazirudisha."

Akazirudisha.
Neno hilo limenilipia kodi ya kibanda hiki miaka tisa.

Alfajiri ana wageni wa Karatu.

"Godlisten," namwita mwanagenzi wangu, "jina ulilopewa ni kazi. Sikiliza."
Anainamisha kichwa. "Linamisi, dada."
Hata muuza karanga kule ng'ambo amesikia linamisi.
Silinda ipi?

Tunazima. Simpi spana, nampa chaki.
Andika juu ya kifuniko, toka kwenye feni kurudi nyuma:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Hivyo ndivyo walivyokaa. Sivyo wanavyowaka.
Kwetu tulikuwa sita kwenye mkeka mmoja
na mama hakupakua kwa kuufuata mkeka;
aliruka huku, akaruka kule,
jirani hakupokea baada ya jirani,
maana viwiko vingegongana na mchuzi ungemwagika.
Ukiwasha wawili waliokaa bega kwa bega, mmoja nyuma ya mwenzake,
krenki nayo ina mgongo, itaumia.

Baba alitukaririsha hivi, mafuta yakimtiririka viganjani:

    Moja ndiye aongoza, tano nyuma afuate,
    tatu akishaunguza, sita zamu aipate,
    mbili akishamaliza, nne mwisho, tusisite;
    zamu ukizipuuza, gari halendi popote.

Sasa toa plagi ya kwanza. Ziba tundu kwa kidole gumba.
Mimi nazungusha puli, polepole, spana ya kumi na tisa ikilalamika.
"Pumzi ikikusukuma, sema."
"Bado. Bado... Inasukuma, dada!"
Alama imesimama mbele ya sindano.
Lakini usiiamini alama peke yake:
sita naye yuko juu saa hii hii, pacha wake,
ila yeye anamalizia kutoa moshi, hana moto wa kupokea.
Kidole ndicho shahidi.

Fungua kofia ya distribyuta. Rota inatazama wapi?
Pale ndipo nyumbani kwa moja.
Usiniulize ni kulia au kushoto; zungusha uone inakoelekea,
kisha fuata waya, mmoja mmoja, kwa mkono, siyo kwa macho.

Moja, sawa.
Tano... waya unapita, unateleza chini ya bomba, unaishia kwa mbili.
Na wa mbili umekwenda kwa tano.
Pacha wamebadilishana mashati,
kila mmoja anaitwa wakati mlango wake uko wazi,
ndiyo maana ya zile chafya.

Tunabadilisha. Saruni anawasha mwenyewe, ametoa kofia.
Injini inatulia kama mtu aliyekumbuka jina alilokuwa akilitafuta.
Naweka kikombe cha chai ya tangawizi juu ya chujio la hewa.
Chai haitikisiki.

Mama yuko Machame, tunamtumia fedha kwa zamu.
Tuko watano tangu Ndekirwa aondoke. Alikuwa wa tatu.
Mwezi wake ukifika tunachanga wote, zinafika, zinazidi hata,
na mama bado anapiga simu kuuliza mbona mwezi huu kimya.
Gari la sita hutembea kwa tano.
Hufika.
Ila usiweke chai juu yake.

Godlisten ananawa mikono kwa petroli, anajikaririsha:
moja, tano, sita...

"Rudi nyuma," namwambia. "Umemruka mtu."